Choo Si Maudhui

Nchi ninayoisimulia haina njaa, haina ujinga, wala haina maradhi. Kila kimoja kimetengewa siku yake ya maadhimisho, na jambo likishaadhimishwa huko kwetu huhesabika limekwisha. Jina la nchi sitalitaja. Wenyewe wanajijua, na mimi nina familia ya kulisha.

Huko kuna Wizara ya Maadhimisho na Malezi ya Awali. Zamani zilikuwa wizara mbili. Wakaziunganisha walipogundua kwamba watoto wadogo ndio raia pekee waliobaki wanaopiga makofi bila kuuliza ya nini. Tangu hapo chekechea zote zinakwenda kwa maudhui. Wiki hii ni ya Rangi, kila mtoto avae manjano, aimbe manjano, ale manjano kama yapo. Wiki ijayo ni ya Wadudu, mtoto aje kipepeo au siafu. Halafu Matunda, halafu Vyombo vya Usafiri, halafu Waasisi wa Taifa. Kila maudhui yana wimbo wake, vazi lake na mgeni rasmi wake. Kusoma na kuhesabu kunapangwa kati ya mgeni rasmi mmoja na mwingine, muda ukiruhusu.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo msije mkasema nalalamika. Sera hii imenilisha. Nimeshona siafu, nimeshona mananasi, nimeshona treni nzima yenye mabehewa ya kitenge. Katika Wiki ya Waasisi nilishona vitambi, maana Wizara ilisisitiza waasisi wasionekane wamekonda. Binti yangu wa mwisho, Sikudhani, ambaye nyumbani tunamwita Siku, anasoma Chekechea ya Kitongani. Ana miaka mitano, na kwa kuwa baba yake ndiye fundi, kila mara yeye ndiye anayevikwa vazi gumu kuliko la wenzake.

Chekechea ya Kitongani ilikuwa na kasoro moja ndogo, nayo naitaja kwa heshima zote. Choo chake kilikuwa ni kibanda cha makuti chenye mlango, na ndani yake shimo lililofunikwa kwa mbao, mbao zimeoza, na tundu la katikati limepanuka hata mtu mzima akichuchumaa anamkumbuka Mungu. Mtoto hakuweza kuchuchumaa kabisa. Mwalimu wao, Mwalimu Chausiku, mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti, alikuwa akiliacha darasa linaimba manjano, anakwenda kumshika mtoto mikono juu ya lile shimo, anamrudisha, anamchukua mwingine. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kufundisha alikuwa anaiba iba muda.

Akaenda wilayani kuomba mbao.

*

Wilayani alipokewa na Afisa Maudhui, Bwana Ngwali. Bwana Ngwali si mtu mbaya. Ni mtu wa taratibu, na watu wa taratibu ni wabaya zaidi, maana mtu mbaya unaweza kumtia haya, naye akaona haya.

"Karibu, Mwalimu. Umetuletea maudhui gani?"

"Nimekuja kwa shida ya choo, Afisa."

"Choo si maudhui," alisema Bwana Ngwali kwa upole. Akageukia Kalenda ya Taifa iliyojaza ukuta mzima nyuma yake, akaanza kuipitisha kidole. "Hapa nina Siku ya Tabasamu. Nina Siku ya Twiga. Nina Siku ya Kumshukuru Aliyebuni Kalenda. Choo sikioni."

"Mtoto atatumbukia, Afisa."

"Kutumbukia nako sikuoni."

Mwalimu Chausiku akauliza, je, choo hakiwezi kuingizwa ndani ya maudhui mengine? Uso wa Bwana Ngwali ukachangamka. Alisema hapo sasa Mwalimu anaongea kitaalamu. Serikali haijamkatalia mtu kitu. Inachotaka ni kitu kije kimevaa vizuri. Akamshauri ajaribu Wiki ya Wanyama.

Basi Mwalimu akaandaa Wiki ya Wanyama, akawafundisha watoto igizo fupi kwamba hata paka hufukia, hata kifaru ana mahali pake maalumu pa haja. Wizara ikafurahi mno. Ikaleta kifaru cha plastiki, kikubwa, na walinzi wawili wa kukilinda. Akajaribu Wiki ya Miti, akidhani mbao hutoka kwenye miti na pengine mtu mmoja huko juu ataunganisha. Wakaleta mche, wakaupanda, wakaupiga picha, wakaung'oa kwenda kuupanda shule ya pili.

Mimi nilishona kifaru, nikashona na mti. Mke wangu, Mama Siku, alikuwa akinitazama nikishona, halafu anaguna. Anauza mboga sokoni, na mguno wake naufahamu kuliko maneno yake.

*

Halafu ikaja Siku ya Kazi na Taaluma, na hapo ndipo Mwalimu Chausiku alipotiwa doa.

Kila mtoto alikuja na kazi yake. Kulikuwa na daktari, rubani, muuza samaki, askari. Siku alipewa kuwa Waziri. Nilimshonea suti nyeusi, nikamwekea beji ya bendera kifuani. Mgeni rasmi alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Mkunjufu, mtu wa mashavu, ambaye cheko lake hutangulia mlangoni kabla yake.

Ni lazima niwaeleze desturi ya kwetu. Kabla ya mgeni rasmi kufika, hakuna kinachoanza. Uji ukiiva unafunikwa. Mtoto haruhusiwi kukaa, kwa sababu mgeni rasmi akifika ghafla atakuta watoto wamekaa, na taifa litaonekana limechoka. Wala haruhusiwi kutoka mstarini, kwa sababu mstari utakuwa na pengo. Mheshimiwa alitarajiwa asubuhi. Alifika kivuli kikiwa kimehamia upande wa pili wa ukuta, na rubani wetu alikuwa amesinzia wima.

Mheshimiwa akapita akiuliza watoto, huku mtu wa redio akimfuata na kipaza sauti. Daktari anafanya nini? Anatibu. Muuza samaki? Anauza samaki. Akafika kwa Siku, akacheka hadi mashavu yakayafunika macho.

"Na wewe, Mheshimiwa mwenzangu? Waziri kazi yake ni nini?"

Mwanangu alifikiri. Ni mtoto mwaminifu, huwa hajibu ovyo.

"Anachelewa," akasema.

Mheshimiwa alicheka, maana redio ilikuwa hewani. Sisi tulipoona amecheka, nasi tukacheka, kila mtu akimwangalia mwenzake kuona kama kicheko kimeruhusiwa kiasi hicho. Siku ya pili Bwana Ngwali alimweleza Mwalimu Chausiku kwamba Wizara imesikitishwa na mafundisho yaliyo nje ya maudhui. Mwalimu akasema hakumfundisha mtoto neno hilo. Bwana Ngwali akamjibu kwamba hilo ndilo lililosikitisha zaidi.

*

Kisha, jamani, Mungu si Athumani, ikaja Siku ya Usafi. Kaulimbiu yake: Usafi Wangu, Fahari ya Taifa Langu. Bwana Ngwali alikuja mwenyewe shuleni kumpa Mwalimu habari njema.

"Umebahatika, Mwalimu. Safari hii choo kimeingia, kama kipengele."

Na kweli, lori lilikuja na choo. Nilikiona kwa macho yangu. Kilikuwa na bati jipya, rangi ya samawati, mlango wenye kitasa kinachong'aa, na vigae vyeupe upande unaotazama hema la wageni. Wakakisimamisha pembeni ya uwanja, wakakifunga utepe mwekundu. Watoto walikizunguka, wakakigusagusa. Mwalimu Chausiku alikwenda nyuma yake, akainama, akarudi.

"Shimo lake liko wapi, Afisa?"

"Shimo halimo kwenye kipengele. Hiki ni choo cha uzinduzi. Kikishazinduliwa hapa kinakwenda shule inayofuata."

"Kwa hiyo hakitumiki."

"Kitumike tena?" Bwana Ngwali alishtuka. "Kikichafuka kitazinduliwaje kwingine? Mwalimu, hiki kimoja peke yake kimeshapandisha takwimu za vyoo mkoa mzima."

Siku hiyo mwanangu alikuwa mche wa sabuni. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, maana kitambaa kililegea na Wizara ilitaka sabuni iliyonyooka. Nikachukua waya wa kuanikia nguo, nikauzungusha kifuani na kiunoni ndani ya vazi, nikaushonea humo. Akatembea kama sanduku. Mama Siku akasema mtoto hawezi hata kujikuna, nikamwambia avumilie, ni asubuhi tu.

Asubuhi tu, mimi nilisema hivyo.

Tulisimama. Uji ulifunikwa. Sabuni, ndoo, fagio na dodoki walisimama mstari mmoja juani. Siku akamwomba Bwana Ngwali ruhusa ya kwenda kujisaidia, na mimi nilikuwa karibu, nilisikia. Bwana Ngwali alimshika kichwa kwa upendo.

"Mtoto mzuri anasubiri. Mgeni yuko njiani."

Akasubiri. Akaomba tena, akaambiwa tena. Ving'ora vikasikika, Mwalimu Chausiku akaitwa mbele kuongoza wimbo, na hapo hapakuwa na mtu wa kushika mikono ya mtoto yeyote. Mheshimiwa akashuka garini, akacheka, akapanda kwenye kipaza sauti, akaanza. Alisema taifa letu linang'aa. Alisema linang'aa hata majirani wanaziba macho.

Mwanangu hakwenda kwenye kile choo cha samawati, kwa sababu ni mtoto msikivu na aliambiwa utepe usiguswe. Alizunguka nyuma, akaenda kwenye kile cha zamani, peke yake, ndani ya vazi nililomshonea. Ubao ukavunjika.

Hakufika chini. Ule waya ulinasa kwenye ubao wa huku na ubao wa huku, naye akabaki ananing'inia kwa makwapa, miguu chini, uso juu. Nitalisema hili waziwazi, nisije nikapasuka. Mwanangu alikuwa ananing'inia juu ya mavi kwa waya wa kuanikia nguo, na spika zilikuwa zinasema tunang'aa.

Mwalimu Chausiku ndiye aliyesikia ubao ukivunjika. Sisi wengine tulisikia makofi. Yeye aliacha kwaya katikati ya ubeti, akapita mbele ya Mheshimiwa mbio, akalala kifudifudi juu ya zile mbao zilizooza, akamshika mtoto mikono. Mimi na mama yake tulipofika alikuwa tayari amemtoa, amempakata, kinyesi kimemjaa kanga na mikono, na anamwambia, "Nimekushika. Nimekushika, mama." Hakuwa hata ameshangaa. Alikuwa akiingoja sauti ile tangu siku aliyoripoti shuleni.

Huko mbele Mheshimiwa hakukwama. Kiongozi hakwami.

"Ndugu wananchi," alisema, "mmejionea ari ya watoto wetu kuhusu vyoo."

Makofi. Akakata utepe, akafungua ule mlango, akachungulia ndani. Humo mlikuwa na majani tu na jongoo mmoja. Akasema amepita nchi nyingi na hajawahi kuona choo kisafi kama kile.

*

Mwalimu Chausiku aliondolewa kwa makosa mawili: kukatiza hotuba na kuacha kwaya bila kiongozi. Akapelekwa Idara ya Bendera, kukunja bendera, na akapigwa marufuku kukanyaga uwanja wa chekechea. Mahali pake akaletwa kijana wa Wizara aliyesomea kupuliza maputo.

Siku aliacha kwenda chooni. Nyumbani tulimwekea beseni, na hata hilo alikuwa analishika kingo kwa mikono miwili. Shuleni alikuwa anabana mpaka arudi, na mama yake yuko sokoni, mimi niko kwenye cherehani mjini, hapana wa kumwachia nyumbani. Akaanza kupata homa. Muuguzi wa zahanati akambonyeza tumbo, mtoto akalia, akatuambia mkojo unakaa mno, unamtia ugonjwa, na tukiendelea hivi figo zitadhurika. Akatuuliza, "Huko shuleni hakuna choo?" Tukatazamana, mimi na mke wangu. Kwa takwimu, kipo.

Wakati huo Wizara ilikuwa imekaa kikao. Ikaona tukio lile ni zuri mno kuachwa lipotee. Bwana Ngwali akaja nyumbani kwetu na soda mbili kutupongeza: imetangazwa Siku ya Kitaifa ya Uokoaji wa Mtoto, itaadhimishwa Kitongani, na Sikudhani ndiye mhusika mkuu.

"Atatumbukia tena," alieleza, "lakini kwa usalama. Shimo litatengenezwa kwa maboksi juu ya jukwaa. Mheshimiwa mwenyewe ndiye atakayemtoa."

"Aliyemtoa ni Mwalimu Chausiku," Mama Siku alisema.

"Kihistoria, ndiyo. Hili ni igizo."

"Na lile shimo?"

"Shimo lipi?"

"Lile la kweli, Bwana Ngwali. Lililo pale mpaka leo. Ambalo watoto wa wenzangu wanalikalia mpaka leo."

"Ah, hilo. Hilo litawekewa pazia."

Mama Siku alimrudishia soda zake. Bwana Ngwali akaniachia agizo la vazi: sabuni ileile, lakini ya pinki, ionekane vizuri kwa mbali. Alipoondoka nilikata kitambaa, maana mwenye nguvu mpishe, nami nilikuwa namwogopa. Mke wangu akakichukua mezani, akakikata vipande vya kupangusia masufuria. Sikumzuia. Nilimpa mkasi mkubwa.

*

Ilipofika siku yenyewe jukwaa lilikuwa limeshajengwa. Sijapata kuona mbao kama zile: mninga mtupu, nene, zimepigwa randa, mpya, zote kwa ajili ya Mheshimiwa kusimama juu yake kwa muda wa hotuba moja. Hatua chache nyuma ya jukwaa kulikuwa na pazia la kijani, na nyuma ya pazia kulikuwa na zile mbao zilizooza.

Wazazi wote tuliitwa, kuja ni lazima. Uji ulifunikwa. Watoto walisimama. Siku alikuwa na gauni lake la kawaida, jambo lililomfanya Bwana Ngwali ahangaike huku na huku akitafuta kitu cha pinki. Mheshimiwa alitarajiwa asubuhi.

Jua lilipanda. Nikamwona mwanangu anabana magoti. Nikamwona anauma mdomo. Mama yake akapiga magoti mbele yake.

"Unataka kwenda?"

Siku akatikisa kichwa kukataa, na machozi yakamtoka.

Mama Siku alisimama, akafunga kanga kiunoni, akaenda moja kwa moja hadi jukwaani. Palikuwa na seremala wa Wizara amekaa pembeni na nyundo yake, akisubiri kulibomoa jukwaa baada ya sherehe. Mke wangu akamnyooshea mkono.

"Kaka, nipe nyundo."

Yule seremala alimtazama, akamtazama mtoto. "Mama, huo upande umepigiliwa sana," akasema. "Anza huku."

Ubao wa kwanza ulilia ulipong'oka, na uwanja mzima ukageuka. Bwana Ngwali alikuja mbio, nakala ya kalenda ikimpepea mkononi.

"Mama Siku. Hizo ni mbao za maadhimisho."

"Basi tunaadhimisha," alisema mke wangu, akaendelea kung'oa.

Nikaenda. Baba yake dodoki akaja, mama yake ndoo akaja, wakaja na wale ambao sijawahi kuwasikia wakisema neno mkutanoni. Hakuna aliyepiga kelele. Askari wawili waliokuwepo walimtazama Bwana Ngwali wapate amri, na Bwana Ngwali akatazama kalenda yake, na kwenye kalenda hapakuwa na kitu kama hicho. Tuling'oa pazia la kijani, tukalitupa. Tuling'oa zile mbao zilizooza, zingine zikimeguka mikononi, na tulipoliona shimo lote wazi, ukubwa wake na kina chake, mama mmoja alikaa chini akashika kichwa. Seremala akalaza mninga juu yake, akapigilia, akatoboa tundu dogo la kumfaa mtoto.

Siku alisimama mbali, hataki kusogea. Ndipo nilipomwona Mwalimu Chausiku. Alikuwa nje ya ua muda wote, maana alikatazwa kukanyaga uwanja. Akainua gauni, akaruka ua, akaja akamshika mtoto mkono.

"Hazivunjiki?" Siku akamuuliza.

Mwalimu akamwachia mkono. Aliingia, akasimama katikati ya zile mbao, akaruka. Akaruka tena, kwa nguvu zake zote, mwanamke mzima mwenye sare ya Idara ya Bendera, mpaka kilemba kikamwanguka. Mbao hazikusema kitu. Siku akavua viatu, akaingia, akaomba mlango ufungwe.

Ving'ora vikasikika wakati huohuo. Mheshimiwa Mkunjufu akashuka garini, cheko likatangulia, kisha likapungua. Mbele yake palikuwa na nguzo zilizosimama bila jukwaa, kipaza sauti kwenye mchanga, na wazazi waliochafuka mikono. Watu wa redio walikuwa hewani tayari, wamekwisha kutangaza kwamba kinachofuata ni mtoto aliyeokolewa.

"Tuanze," akasema Mheshimiwa.

Bwana Ngwali akainama kidogo. "Haiwezekani, Mheshimiwa. Kwa taratibu, haiwezi kuanza bila mhusika mkuu."

"Yuko wapi huyo mhusika mkuu?"

"Yuko chooni, Mheshimiwa."

Hema la wageni lilikuwa mbali, na akienda kukaa taifa lingeonekana limechoka. Basi akabaki amesimama pale juani na suti yake, jasho likimchuruzika mashavuni, nasi tukabaki tumesimama, na mfuniko wa uji ukaondolewa, sijui na nani, watoto wakaanza kunywa. Baada ya kitambo Mheshimiwa akasogea karibu na mlango wa choo. Mke wangu alikuwa ameusimamia, nyundo bado mkononi.

"Bado?" akauliza Mheshimiwa.

"Bado," akasema Mama Siku. "Ana haja ya siku nyingi."